Alama Ndani ya Pindo

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya uwanja alikuwa na futi mbili za kupimia, na hakuiamini hata moja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alizilaza sambamba juu ya meza aone kama kuna iliyorefuka wakati yeye amelala. Mteja akivuta tumbo ndani, alimwambia, "Pumua baba, nguo utaivaa ukiwa unapumua," kisha anasubiri, kisha anapima tena. Ndiyo maana wakamwita Pima Tena. Jina likamganda, hata watoto wa shule wakawa wanamsalimu nalo kwa heshima zote: "Shikamoo Mama Pima Tena!" Naye aliitikia marahaba huku akiwatazama viatu, ajue wametoka wapi.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa kushuka kitandani mtu akiugua, na mkono wake haukuwa na hiana. Ila alikuwa amekaa miaka thelathini na tano akifumua nguo za watu, na mtu anayefumua huona mengi. Mbele nguo inang'aa, ndani nyuzi zinaning'inia. Ukimwambia habari za asubuhi ni nzuri, alitaka kujua ni nzuri kwa nani.

Basi wiki ile ya maadhimisho alikuwa na kazi ya kutosha ya kushuku. Taifa lilikuwa linatimiza miaka sitini ya uhuru, na kila kata iliagizwa kusherehekea kwa namna yake. Kingo za barabara zilipakwa chokaa. Kwaya ya shule ilirudia ubeti mmoja tangu asubuhi hadi mchana mpaka hata mbuzi wa jirani wakawa wanaujua. Mtaro uliokuwa umeziba tangu enzi za mwenyekiti aliyepita ulizibuliwa kwa siku moja, jambo lililomfanya Pima Tena ajiulize kama siku zote lilikuwa jepesi hivyo. Na kule uwanjani vipaza sauti vilijaribiwa bila kuchoka: moja, mbili, moja, mbili, kana kwamba aliyevishika hakufika tatu shuleni.

Jumatatu hiyo Mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho aliingia dukani amekumbatia sanduku la bati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo sanduku lina nini?"

"Hata kiti hujanipa!" Mwenyekiti akacheka, akaliweka juu ya meza, akalifungua. Ndani, juu ya karatasi za gazeti, ilikuwa imekunjwa bendera. Rangi zake zilikuwa zimepauka kwenye mikunjo. "Hii ndiyo yenyewe. Ile ya kwanza, iliyopandishwa hapo uwanjani siku ya uhuru. Jumamosi tunaipandisha tena, dakika za wimbo wa taifa tu, halafu inaingia kwenye kabati la kioo na haitoki tena. Pindo limelegea. Tunaomba ulitengeneze."

"Naijua," alisema Pima Tena, na sauti yake ikalainika bila yeye kutaka. "Aliyeishona ni baba."

Mwenyekiti akakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kikavu mno kuwa cha mafua.

"Ndilo la pili hilo, mama. Kuna jiwe la marumaru litawekwa chini ya mlingoti. Litaandikwa jina la aliyeishona. Sasa jirani yako Mwalimu ameleta picha ya siku ile. Anasema aliyeishona ni baba yake, marehemu Fundi Suti. Kamati imegawanyika."

"Fundi Suti?" Pima Tena aliuliza taratibu, na waliomjua wangetafuta mlango. "Fundi Suti alikuwa hawezi kupinda leso bila kuipasi mara tatu!"

"Mimi simo, mama. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuja hapa na fundi wa marumaru, na Mwalimu naye atakuwepo. Mwenye ushahidi atauonyesha. Kama hakuna, tutaandika 'Ilishonwa na wananchi,' tumalize."

Alipotoka, Pima Tena alibaki amesimama, mikono kiunoni. Ilishonwa na wananchi! Baba yake alikuwa ameingia kaburini akiitwa Fundi Bendera. Jina hilo liliandikwa juu ya mlango wa duka, kwa rangi, na kila yalipofika maadhimisho mama yake aliwekewa kiti cha mbele kama mjane wa Fundi Bendera. Mama alikuwa na miaka themanini na miwili. Maadhimisho mengine makubwa hatayaona. Akikaa kwenye kiti kile Jumamosi asome neno "wananchi", au, Mungu apishe mbali, jina la Fundi Suti, Pima Tena hakujua ataufunga vipi mdomo wake mwenyewe mbele ya halaiki.

Lakini alikuwa na siri, na siri hiyo ilimfanya atabasamu. Baba yake alikuwa na alama. Katika kila nguo aliyoishona aliificha ndani ya pindo, kwenye kona ya kushoto: msalaba mdogo wa uzi mwekundu, usiozidi punje ya mchele. Pima Tena alikuwa ameikuta kwenye sare za shule, kwenye mapazia ya zahanati, hata kwenye gauni lake mwenyewe la harusi. "Kazi yangu hainipotei," ndivyo alivyokuwa akisema. Alama hiyo Pima Tena hakumwambia mtu, kwa sababu alama ikishasemwa huibwa. Alhamisi wangekuja wote, afumue pindo mbele yao, na Mwalimu arudi kwake na picha yake.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Ila mtu anayepima futi kwa futi hawezi kungoja hadi Alhamisi. Mchana uleule alishusha pazia la duka, akachukua wembe, akafumua kona ya kushoto.

Hakukuwa na kitu.

Akageuza bendera, akafumua kona ya pili. Ya tatu. Ya nne. Vumbi, na uzi mweupe uliogeuka rangi ya chai. Msalaba hakuna.

Wazo la kwanza lilikuja lenyewe: wameibadilisha! Na la pili likafuata bila kuitwa: Mwalimu. Kabla ya kustaafu, Mwalimu alikuwa katibu wa kata miaka kumi na miwili. Ufunguo wa ofisi ilimowekwa bendera alikuwa akilala nao. Mtu wa namna ile, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika, angeshindwa nini? Angeitoa ya kweli, aweke ya kwake, kisha atulie, asubiri miaka sitini itimie.

Jioni alipopeleka vyombo uani, mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Kisu kilikuwa kwenye mkono wa kushoto, kama siku zote, na ganda lilishuka kwa mkanda mmoja bila kukatika.

"Mama, wakati baba anaishona ile bendera, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ningekuwa wapi?"

"Aliishonea wapi? Dukani au ndani?"

"Viazi vya siku hizi vina macho mengi," mama alisema. "Nipe hiyo sufuria."

Pima Tena akampa sufuria. Lakini aliondoka na jambo moja likimkwaruza: mama hakuuliza kwa nini anaulizwa. Mzee anayependa hadithi za zamani, aliyewahi kueleza mvua ya mwaka fulani kwa saa nzima, leo anazungumzia macho ya viazi.

Jumanne hakushona nguo ya mtu. Aliitandaza bendera mezani akaikagua. Kila mtu mtaani alijua kwamba wakati inapigwa pasi, kaa la moto lilidondoka likaitoboa, na ikabidi itiwe kiraka. Akakitafuta. Kilikuwepo, kwenye mstari wa chini, kidogo kama kifungo cha shati, na chini yake kitambaa kilikuwa na ukingo mweusi wa kuungua. Basi bendera ilikuwa yenyewe. Mwalimu hakubadilisha kitu, na Pima Tena alijisikia vibaya kidogo, si kwa sababu alimdhania mtu ubaya, bali kwa sababu sasa hakuwa na wa kumlaumu.

Kama bendera ni yenyewe, na alama haimo, nani aliishona?

Akainama zaidi. Bendera yote ilishonwa kwa mkono. Hilo nalo lilijulikana, watu walisema Fundi Bendera hakutaka kuitia cherehani kwa heshima. Nyuzi zilikuwa ndogo, za karibukaribu, kazi ya mtu mwenye subira. Lakini zilikuwa zimelala vibaya. Pima Tena aliigeuza bendera juu chini, akaona labda anaitazama kinyume. Hapana. Mtu anayeshona kwa mkono wa kulia hutoka kulia kwenda kushoto, na nyuzi zake za pindo hulala upande mmoja. Hizi zililala upande mwingine, zote, kutoka kona hadi kona. Akachukua kitambaa kibovu, akajaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akishona kama mlevi. Nyuzi zikalala kama zile.

Aliyeshona bendera alikuwa mtu wa mashoto.

Na baba hakuwa mtu wa mashoto. Pima Tena alikaa chini. Sasa Fundi Suti? Hakukumbuka. Alikuwa amemwona utotoni, mzee mrefu mwenye harufu ya sabuni, lakini mkono gani alishikia mkasi, hakukumbuka hata kidogo. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu.

Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Umekuja kama mshindani au kama jirani?"

"Kama jirani."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Karibu."

Alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa mbali na kabati, na Pima Tena akaelewa mara moja picha iko wapi. Chai ililetwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake anywe kwanza.

"Nimekumbuka ule mkasi mkubwa wa marehemu mzee," alianza Pima Tena. "Ule wa kukatia suti. Upo?"

"Upo. Kwa nini?"

"Wa baba umeanza kuchoka. Nataka kujua wa mzee ulikuwa wa aina gani."

Mwalimu alifikiri, akatafuta mtego uko wapi, hakuuona, akaenda kuuleta. Pima Tena aliupokea kwa mikono miwili. Mkasi wa fundi hauna siri: mshikio wake umechongwa kwa ajili ya mkono mmoja tu, na dole gumba huusugua miaka na miaka. Akautia mkono wa kulia. Ukaingia kama ulikuwa wake. Akajaribu kushoto, ukambana. Fundi Suti alikuwa wa kulia.

Alishusha pumzi kwa furaha, akajikuta anakunywa chai.

"Umeona nini?" Mwalimu akauliza haraka.

"Chuma kizuri. Sasa na mimi nionyeshe hiyo picha yako, Mwalimu. Kesho si utaionyesha tu?"

"Ukijaribu kitu, nimeshaipiga kwa simu tatu, na mbili hazimo humu ndani."

Akaitoa kwenye bahasha, akamsogezea, ila kona moja hakuiachia. Wakawa wameishika wote wawili kama watu wanaogombania mto. Picha ilikuwa na uwanja na umati. Katikati, juu ya mabega ya watu, alikuwa baba yake, kijana, amebebwa juujuu. Chini yake Fundi Suti ameshika kona ya bendera kwa mikono miwili, meno yote nje.

"Unaona?" alisema Mwalimu. "Nani ameishika? Wako amebebwa tu."

Pima Tena alikuwa haangalii bendera. Alikuwa anamtazama baba yake. Watu wote pichani walitazama mbele, wanacheka. Yeye peke yake alitazama pembeni, chini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyebebwa na furaha. Pima Tena alifuata macho yale hadi ukingoni mwa picha, kwenye ukuta wa uwanja. Palikuwa na msichana amesimama, mwembamba, kitambaa kichwani. Mama. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe.

Mkono wa kulia.

Pima Tena alikitazama kidole chake mwenyewe cha shahada, cha kushoto, kilichojaa alama za sindano. Anayeshona kwa kulia hujichoma kushoto, kwa sababu ndio mkono unaoshikilia kitambaa kwa chini. Anayejichoma kulia, sindano ameishika kwa kushoto.

Kisu cha viazi kilimjia machoni.

Bado hakuamini. Picha zingine husafishwa kinyume, kulia kukawa kushoto. Akatafuta shati la baba yake, akahesabu upande. Vifungo vilikuwa kulia kwa mvaaji, mahali pake pa kawaida kwa shati la mwanamume. Picha ilikuwa sahihi.

"Umeona nini?" Mwalimu aliuliza tena, na safari hii kulikuwa na hofu.

"Nimeona baba yako alikuwa na meno mazuri," alisema Pima Tena, akaaga.

Mama yake alikuwa uani, palepale. Pima Tena hakukaa. Aliitupa bendera, aliyoipitia dukani, mapajani mwa mama, pindo likiwa wazi.

"Hii uliishona wewe."

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye nyuzi, polepole, kama mtu anayemshika mtoto aliyelala. Vipaza sauti viliendelea kule uwanjani, moja, mbili.

"Pindo limeshika," alisema. "Miaka yote hiyo."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, mimi siyo mteja wako." Akaiweka sawa bendera mapajani. "Baba yako ndiye aliyepewa kazi. Alikuwa anashona sare za askari wa wakoloni, kwa hiyo watu wakajua anaweza. Kitambaa kikaletwa zikiwa zimebaki siku tatu. Halafu yakaanza maneno mtaani. Kwamba wakubwa wanaondoka lakini bunduki haziondoki, na atakayekigusa kile kitambaa atakumbukwa. Baba yako akafunga duka. Akalala, akageukia ukutani, akasema ana homa."

"Alikuwa na homa?"

"Nilimgusa. Alikuwa wa baridi."

Pima Tena akakaa chini, kwenye saruji.

"Kitambaa kilikaa mezani siku nzima. Nikaona aibu, siyo kwa ajili ya nchi, mimi wakati ule nchi nilikuwa siijui. Niliona aibu watu watakapokuja kukichukua wakikute hivyohivyo. Nikakishona humo humo chumbani, kwa mkono, mchana kutwa siku mbili. Cherehani ingepiga kelele. Yeye alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwangu, anasikia mkasi unavyokata. Hakugeuka. Kaa la pasi lilipoidondokea nililia, na hakugeuka."

"Na siku yenyewe?"

"Asubuhi watu wakaja wanaimba. Yeye akawa amesimama mlangoni. Wakachukua bendera, na yeye wakambeba papo hapo. Hata nafasi ya kusema hapana hakupewa. Jioni akarudi anaitwa Fundi Bendera." Mama aliikunja kona ya kitambaa, akaikunjua. "Aliniomba kitu kimoja tu. Nisishike sindano mbele za watu. Hakuniamuru. Aliniomba, kama mgonjwa anavyoomba maji. Nikakubali."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Vifungo vyote vya nyumba ile vilipelekwa dukani kwa baba, na Pima Tena hakuwahi kujiuliza kwa nini mke wa fundi hajui kushona. Yeye, aliyekuwa hamwamini hata mwuza kibiriti mpaka afungue ahesabu njiti! Mtaa mzima alikuwa ameushuku, ila nyumba yake mwenyewe hajaipima hata mara moja. Hasira ilimpanda, na hakujua aielekeze wapi.

"Kesho nitawaambia."

"Usimvue nguo mume wangu mbele za watu," mama alisema. "Nakuomba. Amelala kwa jina lile."

Hapo ndipo Pima Tena alipobanwa. Akisema kweli, baba yake anageuka kichekesho cha kata nzima katika siku yake kubwa. Akinyamaza, jiwe linaandikwa "wananchi" na watu watanong'ona kwamba Fundi Bendera alikuwa na jina la bure. Njia ya kumlinda baba ilikuwa moja tu, na ilikuwa rahisi mno. Pindo lilikuwa wazi. Kopo la nyuzi za baba lilikuwa juu ya rafu, na uzi mwekundu wa zamani ulikuwemo, umepauka vizuri. Msalaba mmoja, punje ya mchele, kisha alifunge pindo na kesho alifumue mbele yao.

Alhamisi saa mbili na nusu alikuwa amekaa mezani na sindano yenye uzi mwekundu. Alikuwa ameitia uzi, akautoa, akautia tena.

"Hiyo ni nini?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, ameshika ukuta.

"Si ulisema nisimvue nguo? Basi namvalisha."

Mama alisogea mpaka mezani. Aliinama, akauona uzi, akaelewa, na uso wake ukakunjamana kwa namna ambayo Pima Tena hakuwahi kuiona.

"Hiyo alama unajua ilianza lini?"

"Alikuwa nayo siku zote."

"Ilianza wiki ile ile. Baada ya bendera. Kabla ya hapo hakuwa na alama yoyote. Alisema kuanzia leo, kazi yangu itajulikana ni yangu." Mama alivuta pumzi. "Na hii bendera ililetwa humu dukani mara tatu akiwa hai, ipigwe pasi, itiwe kamba mpya. Mara tatu ilikuwa mbele yake, na sindano anayo, na uzi mwekundu anao. Hakuitia. Nilikuwa namchungulia pale mlangoni, nikisema moyoni, leo ataitia. Hakuitia. Baba yako alikuwa mwoga siku tatu, mwanangu. Hizo siku nyingine zote alijizuia. Wewe unataka umharibie hata hilo?"

Pima Tena aliiweka sindano chini. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa juu ya bendera na aliogopa kuilowesha.

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Nitilie uzi mweupe. Macho yangu hayaoni tundu."

Akamtilia. Mama akakaa kwenye kiti cha baba, mbele ya cherehani, mlango wa duka ukiwa wazi na barabara nzima ikipita. Akaishika sindano kwa mkono wa kushoto. Vidole vilisita mara moja, mbili, kisha vikakumbuka. Alikuwa amefika katikati ya kona ya kwanza wakati kivuli kilipoingia: Mwenyekiti, na nyuma yake Mwalimu na bahasha yake, na fundi wa marumaru aliyekuwa na daftari na penseli sikioni.

"Shikamoo bibi," alisema Mwenyekiti, macho kwenye sindano.

"Marahaba. Ngojeni, uzi haujaisha."

Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Mwalimu, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa mtoto wa fundi, alikuwa wa kwanza kuelewa. Pima Tena alimwona akitazama mkono wa kushoto unavyokwenda, kisha nyuzi mpya, kisha nyuzi za zamani zilizokuwa pembeni yake, zimelala upande uleule. Alifungua bahasha, akaitoa picha, akaisogeza karibu na macho. Akamtafuta msichana wa ukutani. Alipomwona, alivua miwani.

"Na mimi nimeitazama miaka yote hii," alisema, si kwa mtu yeyote.

Mama alikata uzi kwa meno. "Mume wangu alikuwa anaumwa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Kwa hiyo nikaishona mimi. Yeye akaibeba mbele ya watu, na kuibeba siku zile hakukuwa kazi ndogo. Hayo ndiyo yaliyotokea. Andikeni yote mawili."

Akamtazama binti yake, mara moja tu. Pima Tena akaelewa. Neno moja katika maelezo yale lilikuwa limepindwa kidogo, kama fundi anavyopinda kitambaa kilichochanika, na aliamua kwamba pindo lile hatalifumua.

Mwenyekiti aligeuka kwa fundi wa marumaru. "Andika: Bendera hii ilishonwa na..." Akasita. Akatazama kibao cha juu ya mlango, akamtazama Mwalimu, akamtazama Pima Tena. Aibu ikampanda. Kwa miaka yote hiyo bibi huyu alikuwa ameitwa mke wa Fundi Bendera, kisha mjane wa Fundi Bendera, kisha mama yake Pima Tena. Hata kadi ya mwaliko ya Jumamosi ndivyo ilivyoandikwa.

"Samahani, bibi," alisema. "Jina lako wewe ni nani?"

Pima Tena alitambua kwamba yeye mwenyewe jina lile hajawahi kulitamka, amelijaza tu kwenye fomu za hospitali. Mama yake alilaza mikono juu ya bendera. Midomo yake ilijaribu kwanza bila sauti, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Kisha akalitaja, jina lake na la baba yake mzazi.

Fundi wa marumaru aliandika herufi mbili, akaisimamisha penseli. Jiwe likishakatwa halifutiki, alisema, kwa hiyo kama bibi hatajali, amtajie tena.

Mama akalitaja tena, kwa sauti kubwa zaidi, na watu wawili waliokuwa wakipita barabarani wakageuka kutazama ni nani.